Kuitambua Metali ya Senti Moja ya Marekani

Sarafu ya senti moja ya Marekani, ambayo tangu 1909 inabeba sura ya Rais Abraham Lincoln, huonekana kuwa kitu kilekile kilichorudiwa mara mabilioni, ilhali metali iliyomo ndani yake imebadilishwa mara kadhaa, na mabadiliko makubwa kuliko yote yalifanywa kwa namna ambayo jicho haliwezi kuyatambua, kwa kuwa rangi ya nje iliachwa vilevile. Mwongozo huu unaeleza jinsi mchunguzi mwenye mizani ndogo, sumaku na kioo cha kukuzia anavyoweza kujua kama senti iliyo mkononi mwake imetengenezwa kwa metali iliyopaswa kutumika katika mwaka wake, au ilipigwa kwa bahati mbaya juu ya metali nyingine, au ilibadilishwa na mtu baada ya kutoka kiwandani. Kanuni inayotawala kazi yote ni kwamba rangi ni shahidi dhaifu, na ushahidi wake haupokelewi mpaka mwaka, uzito, sumaku na ukingo wa sarafu viwe vimekubaliana.

Metali iliyopaswa kuwamo

Hakuna sarafu inayoweza kuitwa ya ajabu kabla ya kujulikana ya kawaida ilikuwaje, na kwa hiyo mwaka uliochapwa juu ya senti ndio mwanzo wa uchunguzi. Senti ndogo za kwanza, zilizotolewa kwa matumizi ya kila siku kuanzia 1857, zilikuwa za aloi, yaani mchanganyiko wa metali zilizoyeyushwa pamoja, yenye shaba 88% na nikeli 12%, zikiwa na uzito wa gramu 4.67 na weupe kidogo wa nikeli. Katika 1864, mwaka ambao aina zote mbili zilitolewa, nafasi yao ilichukuliwa na bronzi, ambayo ni shaba 95% pamoja na bati na zinki 5%, na uzito ukashuka hadi gramu 3.11. Uzito huo wa gramu 3.11 ulidumu, ukiacha mwaka mmoja wa vita, hadi 1982, ingawa mapishi ya ndani yalibadilika kidogo: kuanzia 1944 hadi 1946 bati liliachwa na sehemu ya shaba ilipatikana kwa kuyeyusha maganda ya risasi zilizokwisha kutumika, na katika 1962 bati liliondolewa kabisa, ikabaki shaba 95% na zinki 5%. Tofauti hizi za mwisho hazipimiki kwa vifaa vya nyumbani, na mchunguzi asijisumbue nazo.

Mwaka wa vita uliotajwa ni 1943, ambapo shaba ilihitajika kwa risasi na nyaya, na viwanda vitatu vya sarafu, vya Philadelphia, Denver na San Francisco, vikapiga senti zaidi ya bilioni moja kwa feleji iliyopakwa zinki, zenye uzito wa kati ya gramu 2.69 na 2.75. Badiliko la kudumu lilikuja katika 1982, bei ya shaba ilipokaribia kuifanya sarafu iwe ghali kuliko thamani yake, na kuanzia hapo kiini cha senti kikawa zinki 99.2% na shaba 0.8%, kikafunikwa na utando mwembamba wa shaba tupu, hata jumla yake ikawa zinki 97.5% na shaba 2.5%, kwa uzito wa gramu 2.50. Utando huo ni mchovyo wa umeme, wa jinsi ileile ambayo masonara huitumia kuchovya mkufu wa shaba katika dhahabu. Umebaki mwaka 2009, ambao katika kuadhimisha miaka 200 ya kuzaliwa kwa Lincoln zilitengenezwa senti za seti za wakusanyaji zenye shaba 95%, bati na zinki, kama zile za 1909. Senti ya 2009 yenye gramu 3.11 kwa hiyo si kosa la kiwanda, bali imetolewa katika seti yake.

Mizani kabla ya kitu kingine chochote

Mizani inayofaa ni ile inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kama wanazotumia wauzaji wa vito, na mchunguzi aipime kwanza mizani yenyewe kwa jiwe la uzito unaojulikana. Kiwanda kilijiruhusu tofauti ya gramu 0.13 juu au chini kwa senti ya bronzi, na gramu 0.10 kwa senti ya zinki, hivyo sarafu ya 1975 yenye gramu 3.02 ni ya kawaida, na ile ya 1995 yenye gramu 2.57 ni ya kawaida vilevile. Kati ya makundi hayo mawili limebaki pengo pana ambalo sarafu nzima isiyochezewa, isipokuwa ile ya feleji ya 1943, haiangukii ndani yake, na pengo hilo ndilo linaloifanya mizani iwe shahidi mwenye nguvu kuliko jicho.

Faida yake huonekana zaidi katika senti za 1982, kwa sababu mwaka huo zilipigwa za bronzi na za zinki, zenye tarehe kubwa na zenye tarehe ndogo, mjini Denver zikiwa na herufi D chini ya tarehe na kwingineko bila herufi. Ukizidisha mambo hayo unapata aina nane, lakini zilizokusudiwa kutolewa ni saba tu, kwa kuwa senti ya Denver yenye tarehe ndogo ilipaswa kuwa ya zinki peke yake. Ya kwanza ya aina ya nane, yenye tarehe ndogo, herufi D na uzito wa bronzi, ilitambuliwa mwaka 2016, miaka 34 baada ya kupigwa, na iliyoifichua ni mizani, kwa kuwa hakuna alama nyingine juu ya uso wake iliyoitofautisha na mamilioni ya wenzake. Katika 1983 nako visahani vichache vya bronzi vilivyosalia viliingia katika mashine. Kisahani ni kipande cha mviringo cha metali kilichokatwa tayari lakini hakijapigwa chapa, na neno hilo litatumika katika sehemu zote zinazofuata. Senti ya 1983 inayopima gramu 3.1 inastahili kuwekwa kando kwa uangalifu mkubwa.

Mahali pasipo na mizani, watu wengi huiangusha sarafu juu ya meza ya mbao na kusikiliza: ya bronzi hulia kwa mlio wa kengele unaochelewa kufa, ya zinki hutoa kishindo kifupi kisicho na mwangwi. Njia hiyo hufaa kwa kuchambua rundo la sarafu za kawaida, lakini haifai kwa sarafu inayodhaniwa kuwa na thamani, kwa maana kila inapoanguka huumia.

Sumaku, na mkia wa tarakimu 3

Senti ya 1943 ya kawaida hudakwa na sumaku papo hapo, na senti za miaka mingine hazidakwi. Kutokana na hilo yamezaliwa makosa mawili yanayotafutwa kuliko yote katika sarafu za Marekani: senti chache za 1943 zilizopigwa juu ya visahani vya bronzi vilivyobaki kutoka 1942, na senti chache za 1944 zilizopigwa juu ya feleji. Hiyo ya pili ina historia inayostahili kukumbukwa, kwa sababu mwaka 1944 kiwanda cha Philadelphia kilitumia visahani vya feleji vilivyobaki kutengeneza sarafu milioni 25 za faranga mbili kwa ajili ya Ubelgiji, na kazi hiyo ya visahani vilevile katika jengo lilelile inaeleza vizuri jinsi feleji ilivyoweza kuingia katika mashine ya senti.

Senti pekee ya bronzi ya 1943 inayojulikana kutoka Denver iliuzwa mwaka 2010 kwa dola milioni 1.7, na bei za namna hiyo zimewavuta waghushi kwa njia mbili. Wa kwanza huchukua senti ya feleji ya 1943 na kuichovya katika shaba. Huyu hushindwa na sumaku, kwa kuwa utando wa shaba hauzuii feleji iliyo chini yake kuvutwa. Wa pili ni mjanja zaidi, kwa maana huchukua senti halisi ya bronzi ya 1948 na kukwangua upande wa kushoto wa tarakimu 8 hadi ifanane na 3, naye hupita mtihani wa sumaku na wa mizani pia. Dawa yake ni kioo cha kukuzia chenye nguvu ya mara kumi: katika senti halisi ya 1943, mkia wa tarakimu 3 ni mrefu na hushuka chini kuliko tarakimu nyingine za tarehe, jambo ambalo nane iliyokatwa haiwezi kulifanya, na mara nyingi mahali palipokwanguliwa huacha uso mkavu na mistari midogo ya kisu karibu na tarakimu.

Ukingo husimulia mpangilio wa kazi

Sehemu ya sarafu inayosahauliwa kuliko zote ni ukingo, yaani ule upande mwembamba unaozunguka, nao ndio unaosema kama mchovyo ulitangulia kukata au kukata kulitangulia mchovyo. Feleji ya 1943 ilipakwa zinki ikiwa bado bamba refu, kisha visahani vikakatwa kutoka katika bamba hilo, hivyo ukingo ulibaki feleji tupu isiyo na kinga. Ndiyo maana senti hizo huanza kuota kutu pembeni, na kutu nyekundu ikizunguka ukingo wa senti ya kijivu iliyochakaa ni dalili ya uhalisi. Senti ya 1943 inayong'aa kama kioo pande zote, ukingo ukiwemo, imechovywa upya na mfanyabiashara ili ipendeze, na haina thamani zaidi ya ile ya sarafu iliyoharibiwa.

Tangu 1982 mpangilio uligeuzwa, kwa kuwa zinki hukatwa kwanza, kisha visahani vitupu huchovywa katika shaba, na mwisho hupigwa chapa. Ukingo wa senti ya zinki kwa hiyo hufunikwa na shaba sawa na nyuso zake, na mstari wa kijivu unapoonekana pembeni mchunguzi ana haki ya kuuliza kama ni mchovyo uliokosekana tangu kiwandani, au ni ukingo uliosagwa katika lami ya barabarani.

Mpangilio huohuo, wa mchovyo kabla ya chapa, ndio unaoleta dosari nyingi ambazo wasiozoea huziona kuwa hazina. Utando wa shaba ni mwembamba mno: ukipiga hesabu, shaba iliyoongezwa kwa mchovyo ni karibu gramu 0.04, na ikitandazwa juu ya sarafu nzima unene wake haufiki sehemu moja ya mia ya milimita. Hewa iliyonaswa chini yake huvimba na kuwa malengelenge, ambayo ni ya kawaida sana na hayana thamani. Chapa inapoikandamiza zinki ipande ndani ya herufi, utando hunyooshwa na mara nyingine hupasuka kandokando ya herufi, ukiacha mstari wa kijivu unaofanana na herufi ya pili. Mstari huo unatokana na mpasuko wa mchovyo, na usichanganywe na herufi zilizorudufiwa na chapa yenyewe, ambazo huwa na umbo kamili na kina kinachoonekana. Mahali ambapo utando umetoboka, unyevu huifikia zinki na kuila kutoka ndani, mpaka uso wa Lincoln ufunikwe na unga mweupe na mashimo, na sarafu ya namna hiyo ni mgonjwa asiye na tiba.

Senti nyeupe, na senti ya dhahabu

Senti ya zinki iliyopita bila kuchovywa kabisa ni kosa halisi la kiwanda, nayo huwa na rangi ya kijivu yenye ubuluu, mng'ao wa kawaida wa sarafu mpya, na herufi kali zisizolika. Uzito hausaidii sana hapa, kwa kuwa gramu 0.04 zinazokosekana humezwa na tofauti ya gramu 0.10 ambayo kiwanda huikubali. Kinachosaidia ni uso wenyewe. Sarafu iliyovuliwa shaba kwa dawa huwa na uso mkavu wenye vishimo vidogo kama ngozi ya chungwa, herufi zake hulainika, na mabaki ya shaba hubaki katika pembe ambazo dawa haikufika. Iliyochovywa nyumbani katika metali nyeupe ina dalili iliyo kinyume cha hiyo: tabaka la juu hujaza nafasi za ndani za herufi na kuzinyima ukali wake.

Katika shule nyingi za Marekani, somo la kemia huwafundisha wanafunzi kuipaka senti ya shaba zinki katika maji ya moto yenye dawa kali hadi iwe nyeupe, kisha kuipitisha juu ya mwali wa moto hadi zinki na shaba zichanganyike na kuwa shaba ya njano, na senti igeuke rangi ya dhahabu. Maelfu ya senti hizo zimerudi katika mzunguko wa pesa, nazo ndizo nyingi kati ya zile zinazodaiwa kuwa za fedha au za dhahabu. Zipo pia senti za zinki zilizotoka kiwandani na rangi ya njano kwa sababu shaba ya utando ilichanganyika na zinki, hasa za 1983, lakini kwa kuwa moto wa jikoni unaweza kuleta rangi ileile, uhalisi wake haupaswi kuamuliwa na mtu anayetazama picha. Onyo moja la afya ni la lazima: senti nyeupe iliyo laini isivyo kawaida, yenye mng'ao unaofutika kidoleni, yaweza kuwa ilisuguliwa na zebaki, mchezo uliokuwa wa kawaida kwa watoto wa zamani, na sarafu hiyo haifai kushikwa kwa mkono mtupu wala kupashwa moto, kwa kuwa mvuke wa zebaki ni sumu.

Michirizi ya hudhurungi na njano inayopishana kama mishipa ya ubao kwenye senti za kale za bronzi ina asili nyingine tena, kwa maana hutokea pale aloi ilipoyeyushwa bila kukorogwa vya kutosha, na mistari yake huelekea upande mmoja katika sura zote mbili. Wakusanyaji huipenda kwa uzuri wake, na hakika inapendeza.

Visahani vya wageni

Kiwanda hupiga sarafu nyingi katika nyumba moja, na kisahani cha senti kumi kikiingia katika mashine ya senti moja huzaa sarafu ndogo, yenye kipenyo cha karibu milimita 17.9 mahali pa 19.05, ambayo herufi zake za pembeni zimekatwa kwa kukosa nafasi. Kama ni ya 1965 au baada yake itapima karibu gramu 2.27 na kuonyesha mstari wa shaba katikati ya ukingo, kwa sababu senti kumi za siku hizi ni shaba iliyobanwa kati ya matabaka mawili ya aloi ya nikeli. Kisahani cha fedha cha kabla ya hapo hupima gramu 2.50, uzito uleule wa senti ya zinki, na mchunguzi anayetazama mizani bila kutazama mwaka anaweza kukosea vibaya. Uzito mdogo kuliko yote ni wa senti za alumini za 1974, takriban gramu 0.93, ambazo zilipigwa zaidi ya milioni moja kwa majaribio, kisha zikayeyushwa karibu zote baada ya Bunge kukataa pendekezo la kutumia metali hiyo. Serikali ya Marekani huzihesabu zilizosalia kuwa mali yake, na anayepata moja hawezi kuiuza kwa amani.

Kipimo cha maji

Sarafu inapofaulu mitihani yote na bado ikabaki na shaka, kuna kipimo kimoja cha nyumbani kinachofika hadi kwenye kiini, nacho ni cha msongamano, yaani uzito wa metali kwa kila sentimita moja ya ujazo. Kikombe cha maji safi huwekwa juu ya mizani na mizani hurudishwa sifuri, kisha sarafu hufungwa kwa uzi mwembamba wa nailoni na kuning'inizwa ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Namba inayosomwa ndiyo ujazo wa sarafu. Uzito wa sarafu kavu ukigawanywa kwa namba hiyo, jibu ni msongamano wake. Senti ya bronzi yenye gramu 3.11 husoma karibu 0.35 ndani ya maji na kutoa jibu la karibu 8.9, senti ya zinki yenye gramu 2.50 husoma karibu 0.35 vilevile na kutoa 7.1, fedha ya sarafu hukaribia 10.3, na alumini 2.7. Kwa kuwa kosa la 0.01 tu katika usomaji wa maji hulipeleka jibu la bronzi kutoka 8.9 hadi 9.1 au 8.6, kipimo kirudiwe mara tano, mapovu yaliyoshika sarafu yaondolewe kwa kuitikisa polepole, na mwenye mizani ya kusoma sehemu ya elfu ya gramu atapata jibu la kuaminika zaidi. Sarafu za feleji zisitiwe majini kamwe, kwa sababu ukingo wao usio na kinga utaanza kuota kutu.

Zaidi ya hapo kazi ni ya maabara, ambako kifaa cha mionzi ya eksirei huitaja kila metali iliyo katika tabaka la juu bila kuikwaruza sarafu, na makampuni ya kuthibitisha sarafu kama PCGS na NGC ndiyo ambayo hukumu yake hukubaliwa sokoni.

Msomaji anayerudi nyumbani kutoka Marekani na mkebe wa senti ajue pia kwamba kanuni za Hazina ya nchi hiyo, zilizoanza mwishoni mwa 2006, zinakataza kuyeyusha senti, na zinamruhusu msafiri kutoka na sarafu za senti moja na senti tano zisizozidi thamani ya dola 5. Tangu Novemba 2025 kiwanda cha Philadelphia kimeacha kupiga senti za matumizi ya kila siku, na zilizomo mikononi mwa watu hazitaongezewa nyingine. Kwa hiyo yeyote atakayekutana na senti inayokataa kulingana na mwaka wake asiisugue, asiioshe kwa ndimu wala siki, asiikwangue aone kilichomo ndani. Aandike uzito wake, kipenyo chake na jibu la sumaku, aifunge katika karatasi laini isiyo na asidi, na kumpelekea anayeweza kuipima ikiwa vilevile ilivyopatikana.